Kibali Alichonyimwa Dada Yangu

Bastola ya kwanza niliyoiona kwenye mwinuko wetu wa Makonde ilikuwa kiunoni mwa mnunuzi wa korosho, na niliiona kwa sababu shati lake lilikuwa fupi. Ilikuwa miaka ile serikali ilipowaruhusu watu binafsi kununua korosho moja kwa moja kwa wakulima, na wageni wenye pikapu walikuwa wakipanda kutoka Mtwara na Masasi na mizani yao wenyewe. Huyu alikuwa ameweka mizani yake Kitangari. Aliinama kuchota korosho kwenye gunia ili azivunje na kuangalia ubora wake. Shati likapanda, na hapo mgongoni, kikiwa kimechomekwa ndani ya mkanda, kikaonekana kitako cheusi.

Wanawake waliokuwa kwenye foleni walikiona kabla yangu.

"Jamani, baba huyu ana mkia," alisema mmoja, kwa sauti iliyokusudiwa kusikika.

"Muacheni, ndio unaompa mwendo," akajibu mwenzake, na foleni nzima ikaangua kicheko.

Mnunuzi naye alicheka. Alishusha shati lake bila haraka. "Huu mkia ni wa kuwalinda ninyi," alisema. "Nikivamiwa huko njiani, fedha ya korosho zenu ndiyo imekwenda."

Dada yangu alikuwa katika foleni ile, na nilikuwa nimemsindikiza kwa sababu shule zilikuwa zimefungwa nami nilikuwa nimepanda kutoka upande wa Chidya, ambako nilikuwa mwalimu. Hakucheka. Aliuliza swali ambalo wakati ule nililiona la udadisi tu.

"Hiyo mnapewa wapi, baba?"

"Serikalini, mama. Unaomba kibali."

"Wanampa mtu yeyote?"

"Wanampa mwenye sababu. Unaeleza unahofia nini, na hofu yako iwe ya kweli."

"Ahaa," alisema dada yangu, na akaendelea kusogeza gunia lake kwa goti.

Ili msomaji aelewe kwa nini swali lile halikuwa la udadisi, sina budi kueleza kwanza habari za bunduki kwetu. Bunduki hazikuwa jambo geni. Baba yetu alikuwa na gobore, bunduki ndefu inayoshindiliwa kwa mdomo, na wazee wengi walikuwa nalo. Lilikuwa na kazi mbili zilizojulikana na kila mtu. Ya kwanza ilikuwa kuwafukuza nguruwe pori na ngedere mashambani. Ya pili ilikuwa kupiga mlio wa furaha siku ya kuwatoa wali, yaani siku wasichana waliofundwa unyagoni wanapotolewa mbele ya watu. Kila moja ya kazi hizi ilikuwa na ushindiliaji wake, na sisi watoto tuliujua kwa sababu tulimsaidia baba kusokota vitambaa. Kwa sherehe, unamimina baruti, unasukuma kitambaa, unashindilia kwa ufito wa chuma, basi; bunduki inalia na kutoa moshi, lakini haimdhuru mtu. Kwa nguruwe, baada ya kitambaa cha kwanza unamimina marisau, vile vipande vidogo vya risasi, unasukuma kitambaa cha pili na kushindilia tena. Mara moja kwa furaha, mara mbili kwa kuua. Dada yangu, aliye mkubwa kwangu, ndiye aliyekuwa akishika pembe ya baruti.

Gobore halifichiki. Mwenye nalo huonekana tangu mwisho wa shamba, na watu hujua ni la nani na anakwenda nalo wapi. Silaha inayovaliwa chini ya shati ililetwa kwetu na mageuzi yale ya uchumi, pamoja na mitumba, sabuni za rangi na redio za betri. Siandiki hivi kuwalaumu wafanyabiashara. Naandika kwa sababu nataka ieleweke wazi kuwa kibali cha kutembea na silaha iliyofichwa kilikuwepo, kilitolewa, na sababu iliyotosha ilikuwa hofu ya kupoteza fedha.

Dada yangu alikuwa na hofu nyingine. Alikuwa ameachana na mumewe.

Kwetu, mwanamume huoa na kuja kukaa kwa upande wa mke, juu ya ardhi ya mama wa mke. Shemeji yangu alifanya hivyo. Alikuwa mchapakazi, sitamnyima sifa hiyo. Alipanda mikorosho katika ardhi ambayo haikuwa yake, na kwa miaka mingi mikorosho ile ilikuwa na thamani ndogo hata hakuna aliyeijali. Kisha wanunuzi wakaja, bei ikapanda, na ghafla kila mti ukawa na mwenyewe. Alianza kumpiga dada yangu kabla ya hapo. Lakini tangu bei ilipopanda alimpiga huku akidai. Siku alipomvunja mkono, wazee wa pande zote mbili walikaa na ndoa ikavunjwa. Aliondoka kama desturi inavyotaka, na nguo zake, jembe lake na gobore lake. Akaenda kuishi kwa dada zake, ng'ambo ya bonde, akasema mbele ya watu kwamba miti yake hawezi kuiacha ikaliwa na mwanamke aliye hai.

Kwa maneno hayo tulikwenda mahakamani. Sitaitaja mahakama wala ofisi zilizohusika. Waliokuwemo wamestaafu au wamefariki, na neno langu si juu ya mtu mmoja.

Hakimu alikuwa kijana mstaarabu, mgeni wa sehemu zile, na alisikiliza vizuri. Alitoa amri. Mshtakiwa asiingie katika uwanja wa nyumba ya mlalamikaji, asimguse, asimtukane, na alinde amani kwa mwaka mzima, akikiuka atafungwa. Nilifurahi. Nilidhani amri ya mahakama ni ukuta.

Dada yangu aliomba kusema.

"Mheshimiwa, mimi uwanjani kwangu sikai."

"Unakaa wapi, mama?"

"Nakaa njiani."

Karani alicheka. Lakini alikuwa amesema kweli. Mwinuko wa Makonde hauna mto wala chemchemi juu yake. Maji yako chini, kwenye mabonde ya ukingoni. Mabomba ya serikali yalikuwa yamekauka tangu mafuta ya mashine za kusukuma maji yalipoanza kukosekana. Mwanamke wa kwetu aliondoka kabla ya jua kuchomoza, akashuka mteremko, akangoja zamu yake kwenye chemchemi, kisha akapanda na ndoo kichwani. Wakati wa kiangazi safari hii ilimaliza asubuhi yote. Uwanjani alirudi kupika na kulala. Amri ya hakimu ilikuwa imelinda mahali ambapo dada yangu alikuwepo kwa nadra.

"Njia ni ya umma," alisema hakimu. "Siwezi kumkataza raia kupita njiani."

"Na bunduki yake?"

"Anayo kwa kibali halali, mama, ya kulinda shamba. Na huu ni msimu wa kupanda."

Yaliyofuata yalikuwa kama ya mtu aliyeisoma amri ile neno kwa neno. Shemeji yangu hakukanyaga uwanja wa dada yangu hata mara moja. Alikaa kwenye jiwe katikati ya mteremko, mahali ambapo njia ni nyembamba na upande mmoja ni korongo, gobore likiwa limelala mapajani. Wanawake walipopita alisalimia.

"Umeamkaje, mama watoto?"

"Salama."

"Maji leo ni mengi?"

"Yapo."

"Haya. Tembea polepole, utelezi huu. Mtu akianguka hapa hata hasikiki."

Hayo tu. Hakuna tusi. Hakuna kugusa. Nilipokwenda kulalamika, niliulizwa: kwani kusalimiana ni kosa?

Jioni moja dada yangu aliniambia, akiwa amekaa akimenya ming'oko, vile viazi pori vyembamba vinavyotuokoa kabla ya mavuno: "Mdogo wangu, andika. Nataka ile ya mnunuzi."

"Ile nini?"

"Ile ya mkia."

Nilimwambia kuwa bastola si kitu cha kuchezea. Alinitazama kama mtu anayemtazama mwanafunzi mzito.

"Gobore nitalibebaje na ndoo kichwani? Mkono mmoja umeshika ndoo, mwingine unashika majani nisiporomoke. Nataka kitu cha kukaa ndani ya kanga, mtu asikione mpaka nikitake. Yeye aliambiwa aeleze hofu yake. Mimi yangu ina muhuri wa mahakama. Ya mnunuzi ina muhuri?"

Nikachukua kalamu. Nimefundishwa na mapadri wa zamani, niliosoma kwao Kilatini na historia ya Warumi, kwamba mji wa Roma ulikuwa na mpaka mtakatifu ambao raia hakuruhusiwa kuuvuka akiwa na silaha. Niliipenda sheria ile tangu utotoni. Mimi si mpenzi wa bunduki. Ningefurahi kuona mwinuko mzima hauna hata moja. Lakini mpaka wa Warumi uliwazuia wote. Sheria inayomnyang'anya mmoja na kumwachia mwingine haifanani nao hata kidogo.

Tulikwenda pamoja ofisini, katika wilaya ambayo nayo siitaji. Afisa aliyepokea maombi alikuwa mtu mnene mwenye sauti nzuri, na ofisi yake ilikuwa na watu wengine wawili waliokuwa wakinywa chai. Dada yangu aliamkia, "Shikamooni," wakaitikia marahaba kwa pamoja kama darasa.

"Bastola!" alisema afisa alipoelezwa. "Mama, unataka kumpiga nani?"

"Sitaki kumpiga mtu. Nataka nisipigwe."

"Una duka?"

"Sina."

"Unasafirisha fedha? Unanunua korosho?"

"Nauza."

"Sasa unalinda mali gani?"

"Roho yangu."

"Roho si mali, mama," alisema, naye akawageukia wenzake ili wafurahie pamoja.

"Na ataificha wapi?" aliuliza mmoja wa wanywa chai. "Kwenye maziwa?"

"Mtoto akinyonya itakuwaje!"

Walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Dada yangu alingoja wamalize, kama mtu anavyongoja mvua ipungue, kisha akaweka amri ya mahakama juu ya meza. Nilidhani hapo ndipo watakapotulia. Walitulia kweli. Afisa aliisoma mara mbili, akavua miwani, na uso wake ukawa wa mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta.

"Basi ungeanza na hii. Hii ndiyo inakukatalia. Mtu mwenye ugomvi unaojulikana mahakamani hapewi silaha. Ni hatari."

"Ugomvi si wangu," alisema dada yangu. "Ni wake. Mimi ndiye niliyevunjwa mkono."

"Kwenye amri mmo wote wawili."

"Na yeye je?" niliuliza mimi. "Yeye ana bunduki."

"Yeye alipewa kabla ya ugomvi, Mwalimu. Huyu anaomba baada."

Nimeyarudia maneno haya kwa miaka mingi, nikitafuta kasoro katika kumbukumbu yangu, kwa sababu mtu aliyezoea kusoma matini kwa makini huogopa kumsingizia mwenzake. Sijaikuta. Alisema hivyo. Amri iliyotolewa ili kumlinda ndiyo iliyomwondolea haki ya kujilinda, na mtu ambaye amri ilitolewa dhidi yake aliendelea kushika bunduki kwa kuwa alitangulia kuishika. Mnunuzi mwenye gunia la fedha alikuwa na hofu; mwanamke mwenye mkono uliounganishwa vibaya alikuwa na ugomvi. Nilimwomba afisa aje angalau aione njia yenyewe. Alisema gari halina mafuta.

Tulichopata, baada ya kwenda na kurudi ambako sitamchosha nako msomaji, kilikuwa hiki: gobore la shemeji liwekwe katika ofisi ya kijiji mpaka mwaka wa amri uishe. Mwenyekiti wa kijiji alilifungia katika chumba cha mbolea. Shemeji aliendelea kukaa juu ya jiwe lake, lakini mapajani hapakuwa na kitu, na dada yangu alianza tena kuimba anapopanda mteremko. Binti yake mkubwa, ambaye alikuwa unyagoni, hakuambiwa lolote. Wali hawapelekewi habari za nje.

Ikafika siku ya kuwatoa wali.

Hapa ndipo watu wetu walipofanya kosa ambalo nadhani ni sisi tu tungelifanya, na tulilifanya kwa upendo. Mwali kwetu ni wa upande wa mama. Mama na wajomba ndio wanaomwandalia, wanaomvisha, wanaomtoa. Baba ana sehemu moja tu katika siku nzima: binti yake anapotokeza, hupiga bunduki hewani. Sisi Wakristo tuliongeza sala kabla ya mlio, lakini mlio hatukuuondoa. Baba asipoupiga, watu huelewa kuwa amemkana mtoto. Kwa hiyo shemeji yangu alipokwenda kwa mwenyekiti kuomba gobore lake kwa asubuhi ile moja, mwenyekiti hakuona kuwa anavunja amri ya mtu yeyote. Alifungua chumba cha mbolea, akampa.

Nilizipata habari nikiwa uwanjani kwa dada yangu, watu wakiwa wamekwisha kukusanyika. Nilikwenda kwa mjomba wetu mkubwa, kaka wa marehemu mama yetu, ambaye neno lake ndilo lililokuwa la mwisho katika ukoo.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba."

"Mjomba, yule amepewa bunduki."

"Najua. Ulitaka mwali atoke kimya, kama maiti ya mtoto mchanga?"

"Kuna amri ya mahakama."

"Mahakama haijui ngoma. Leo si siku ya kesi, Mwalimu. Kesi zina siku zake."

Na amri ile ilikuwa imesema asiingie uwanjani. Mjomba alimwita aingie kwa mkono wake mwenyewe.

Dada yangu alikuwa mlangoni, amefunga kanga mpya, ameshika unga wa kumpaka mwanawe. Alimwona shemeji akisimama pembeni mwa mkorosho mkubwa, pamoja na wanaume wengine wenye magobore. Kukataa mbele ya watu wote kungekuwa kumwambia binti yake kwamba hana baba. Akamwacha asimame. Lakini macho yake hayakuondoka mikononi mwa mtu yule.

Wanaume walianza kushindilia. Nami nilitazama, kwa kuwa yeye alitazama. Baruti. Kitambaa. Ufito ukashuka, ukapanda. Wenzake wakaegemeza bunduki begani, tayari. Shemeji akaingiza mkono mfukoni, akageuka kidogo kama mtu anayekinga upepo, na ufito ukashuka mara ya pili.

Nilikuwa bado najiuliza kama nimeona sawasawa. Dada yangu hakujiuliza. Alinipa sahani ya unga, akapita katikati ya uwanja, mbele ya wali waliokuwa wanatokeza wamefunikwa nguo, akapiga magoti mbele ya mtu aliyekuwa mumewe. Alipiga magoti kwa adabu kamili, akanyoosha mikono miwili pamoja kama mtu anayepokea chakula.

"Baba Mwali," alisema, kwa sauti ya kufika mbali, "leo nipe mimi nimpigie mwanangu."

Watu walipiga vigelegele. Walidhani ni mapatano. Shemeji alitabasamu, kisha tabasamu likabaki peke yake usoni. Hakuwa na namna. Kumnyima mke aliyepiga magoti, mbele ya wakwe, mbele ya wajomba, siku ya mwali, kungemfuta mbele za watu. Akampa.

Dada yangu alisimama, akawapa watu wote mgongo, akaelekeza mdomo wa gobore juu kwenye kilele cha mkorosho ambako hapakuwa na mtu wala ndege, akapiga. Goti lake moja lilifika chini kwa kishindo cha ile bunduki. Moshi ukatanda. Na kutoka ndani ya moshi yakaanza kudondoka majani, kwanza machache, kisha mengi, kisha tawi zima na mabibo yake mekundu, likamwangukia mjomba mkubwa miguuni.

Mlio wa sherehe haukati majani. Hapakuwa na mtu mzima pale asiyelijua hilo. Vigelegele vilikatika katikati, na mwali, chini ya nguo yake, aliuliza, "Mama?" kabla ya somo wake, mwalimu wake wa unyago, kumziba mdomo.

Mjomba aliokota jani, akaliweka mbele ya jua, akatazama matundu. Akalitia mfukoni. Shemeji alinyoosha mkono kudai bunduki yake. Dada yangu aliiweka begani, akachukua sahani ya unga kutoka kwangu, akaenda kumpaka mwanawe uso.

Hakuirudisha siku ile, wala iliyofuata. Alishuka nayo kwenye maji, tupu, bila baruti hata chembe. Ndoo yake walimbebea wanawake wenzake kwa zamu, wakimtania: "Askari, pita mbele!" "Askari, mbona hujavaa viatu?" Walipofika kwenye jiwe la mteremko hapakuwa na mtu.

Na hapa, msomaji, nakuomba uvumilie hasira yangu, kwa sababu haijapoa. Gari lilipatikana. Lile lililokosa mafuta ya kuja kuiona njia lilipata mafuta ya kuja kumkamata mwanamke aliyeshika silaha bila kibali. Lilipanda mpaka uwanjani kwake likiwa na askari wenye bunduki, na mmoja wao alimfokea mwali aliyekuwa bado na mafuta ya unyago mwilini.

Hakimu alikuwa yule yule. Nilitoa ushahidi. Mjomba mkubwa alitoa ushahidi, naye alilitoa lile jani mfukoni, likiwa limekwisha kunyauka na kukunjamana. Hakimu alilitazama kwa heshima, akauliza kama marisau yale hayakuweza kuwa yameshindiliwa kwa ajili ya nguruwe, na yakasahaulika. Shemeji alisema ndivyo ilivyokuwa. Alisahau.

"Una kibali cha silaha hii?" hakimu alimwuliza dada yangu.

"Niliomba nikanyimwa."

"Jibu swali, mama. Unacho au huna?"

"Sina."

Aliachiliwa kwa sharti la kutogusa silaha yoyote, na aliambiwa ashukuru kwa huruma hiyo. Kwa kuwa sasa alikuwa ametiwa hatiani, asingeweza kuomba kibali tena. Kuhusu shemeji kupewa bunduki kabla ya wakati, mwenyekiti alikaripiwa kwa mdomo. Mwaka wa amri ulikuwa karibu kwisha. Gobore lilirudishwa kwa mwenyewe, mwenye kibali halali, ili alinde mihogo yake.

Mwanamke wa kwetu haachi ardhi ya mama yake. Anaweza kuacha mume, kanisa, hata jina. Ardhi ile ndiye yeye. Dada yangu aliiacha. Alifunga vyombo, akawachukua wanawe, nami nikamsindikiza kuteremka Masasi, nilikompangia chumba katika nyumba yenye bomba uani. Mikorosho ilibaki na yule aliyesema hataiacha ikaliwa na mwanamke aliye hai. Kwa hesabu ya sheria, hakuna aliyeuawa, hivyo hakuna kilichoharibika.

Basi lilisimamishwa kwenye kizuizi kabla ya kuingia mjini. Siti ya mbele alikuwa amekaa mnunuzi wa korosho, si yule wa Kitangari, mwingine; wakati ule walikuwa wengi. Alishuka kunyoosha miguu, na alipoinua mikono kujinyoosha shati lilipanda, na askari kijana aliyesimamia kizuizi aliona kama sisi tulivyoona.

"Shikamoo, mzee," alisema askari.

"Marahaba, baba. Kazi?"

"Tunashukuru."

Kisha akaingia ndani ya basi, akapita siti baada ya siti, akasimama kwa dada yangu. Mzigo wake ulikuwa mkubwa kuliko ya wengine. Ndiyo sababu tu, sitaki kuongeza nyingine.

"Mama, fungua hiyo. Tunatafuta silaha."

Dada yangu alifungua fundo polepole kwa mkono ule uliounganishwa vibaya. Akatandaza kanga, akatoa sufuria, kinu kidogo, nguo za mwali. Askari aliinama akapekua kwa ncha za vidole.

"Tafuta vizuri, mwanangu," alimwambia. "Ukikuta chochote humo cha kunilinda, nionyeshe na mimi."